Kitabu Kilichozima Luninga Yetu

Leo usiku jaribu kitu kimoja. Ikifika saa tatu, angalia hapo sebuleni kwako uhesabu skrini zinazowaka. Kwetu hapa Bariadi zilikuwa tatu kwa watu wawili: luninga ya ukutani, simu yangu na simu ya mume wangu. Yeye anachekea klipu zake, mimi nachekea zangu, na luninga inaongea peke yake kama mlevi aliyesahauliwa harusini. Ukituchungulia dirishani ungesema hawa wawili wanakula raha. Raha ilikuwepo, sikatai! Ila kulikuwa na jambo moja la kuongea ndani ya nyumba ile, na kila skrini ilitusaidia kutoliongea.

Nitalitaja mapema tusizungushane. Tulikuwa mwaka wa nne kwenye ndoa na hatujapata mtoto.

Kama umekulia huku Usukumani unajua uzito wake. Mwanamke aliyeolewa huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Masanja, Mama Kulwa. Mimi kazini naitwa "mhasibu", mtaani naitwa "mke wa mwalimu", na kwenye vikao vya ukweni kuna wanaoanza kuniita, "Mama..." halafu wanameza neno. Ile sekunde moja ya ukimya, shoga yangu, inauma kuliko tusi.

Kazi yangu ni uhasibu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kuanzia Mei, kwetu hakulaliki: malori, mizani, stakabadhi za vyama vya msingi, simu zisizokatika. Mume wangu anafundisha sekondari, nami humwita Mwalimu hata nyumbani. Jioni tunarudi hoi, na mtu aliyechoka anataka kuwekewa kitu mbele ya macho. Ndiyo maana luninga inashinda. Haikuombi chochote, inakupa tu.

Simu nayo ina umbea wake. Tafuta neno "ujauzito" mara moja tu, kesho yake imekuletea waganga kumi na wawili, kila mmoja na chupa yake, kila mmoja na mwanamke wake anayelia kwa furaha mbele ya kamera. Wifi yangu mmoja alikuwa ananitumia klipu hizo karibu kila wiki, bila hata salamu. Natazama, nafuta, natazama nyingine. Nilifika mahali najua bei za chupa zote kuanzia Mwanza mpaka Tanga, lakini sijui mume wangu anawaza nini.

Usinifikirie kuwa mimi ni wale wanaoinunia picha. Mimi ni mtoto wa mabanda ya video. Nimekua nikibana kwenye mabenchi kumsikiliza Lufufu akitutafsiria filamu za watu kwa Kiswahili chenye chumvi, na mara nyingine tafsiri ilikuwa tamu kuliko filamu yenyewe. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, mwaka uleule ambao Simiyu ilimegwa ikawa mkoa, nililia kama nimefiwa na kaka. Alikuwa kijana wa Shinyanga, na sisi Bariadi tulikuwa Shinyanga mpaka juzi hapo. Kwa hiyo picha nazipenda.

Lakini hebu kumbuka mwanamke asiyezaa kwenye filamu zetu nyingi. Ama karogwa, ama alitoa mimba alipokuwa chuo. Mama mkwe anafoka, mke mdogo anaingia na begi, muziki unapanda, halafu unaambiwa usubiri sehemu ya pili. Kila tulipofika kwenye kipande kama hicho, Mwalimu alikuwa anabadilisha chaneli, au mimi nakumbuka maharage jikoni. Hatukupanga hivyo. Ilitokea tu, kila mara.

Kitabu kilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Mwalimu mstaafu, jirani yetu hapa Somanda, alikuwa anahama kwenda kuishi kwa mwanawe, akawa anagawa vitu. Wenzetu wakachukua viti. Mume wangu akaja na boksi la vitabu, nami nikanuna kidogo maana tulihitaji viti. Ndani mlikuwa na Elvis Musiba, Ben Mtobwa, Rosa Mistika ya Kezilahabi iliyosomwa mpaka ikalegea uti wa mgongo, na kitabu kinene kisicho na jalada. Jina lake refu kama treni ya Kigoma: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Mwandishi ni Aniceti Kitereza. Ukishuka kutoka hapa Bariadi mpaka Lamadi unaliona Ziwa Victoria, na Ukerewe alikozaliwa mzee huyu ni kisiwa cha ziwa hilohilo. Ni jirani yetu kabisa, na bado mimi nimemaliza shule na chuo bila kumsikia. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na wamisionari Wakatoliki, na mwaka 1945 akamaliza kuandika riwaya hii kwa Kikerewe. Sasa nani achapishe riwaya nene namna ile kwa Kikerewe? Hakupatikana mtu. Ikakaa miaka na miaka. Mwishowe mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki 1981, kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Baadaye kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza akitokea kwenye Kikerewe chenyewe.

Haya yote niliyajua baadaye. Usiku wa kwanza nilichojua ni kwamba Mwalimu yuko kitandani na kile kitabu kisicho na jalada, na anacheka.

Mtu akichekea simu huulizi. Klipu ni ya sekunde kumi, kabla hujafika ilipo imeshaisha na nyingine imeingia. Akichekea kitabu lazima uulize.

"Nini hicho?"

"Ngoja nikusomee."

Basi ndivyo ilivyoanza, hakuna cha ajabu. Kesho yake tukapeana zamu, kurasa tano yeye, tano mimi. Luninga tuliizima kwa sababu moja tu ya kiufundi: huwezi kusoma kwa sauti huku mtu mwingine anaongea. Mimi kusoma kwa sauti mara ya mwisho ilikuwa darasa la saba, na mwanzoni niliona aibu, sauti inatoka kama natangaza matokeo ya mtihani. Baada ya siku mbili nikazoea. Mwalimu yeye anajua kuigiza. Akifika kwa wazee anawapa sauti ya mjomba wake wa Itilima, mpaka ninavunjika mbavu.

Sikudanganyi, si kitabu chepesi. Kitereza aliandika ili mila za Wakerewe zisipotee, kwa hiyo ukishanogewa na hadithi anakushika mkono akuonyeshe pombe ya ndizi inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, mpaka unaweza kwenda kufungua kilabu. Kuna kurasa tuliruka. Kuna nyingine Mwalimu alikataa kuruka, eti "mzee amehangaika kutuandikia", tukabaki tunapika pombe mpaka saa nne.

Lakini ndani ya hayo yote kuna mke na mume. Wanapendana na hawana mtoto.

Usiku wa tatu au wa nne ilikuwa zamu ya Mwalimu. Tukafika pale ndugu wa Myombekere wanapomsema Bugonoka kwa kutozaa, mpaka baba yake mzazi anamchukua binti yake na kurudi naye nyumbani. Mwalimu alikuwa anasoma, sauti ikawa inapungua, halafu akasimama. Akaweka kidole kwenye mstari, akakifungia kitabu juu ya kidole.

"Hivi nyumbani wameshawahi kukwambia maneno kama haya?"

Miaka minne hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia ndiyo. Akauliza nani. Nikamtajia. Akauliza lini, nikamtajia na tarehe, maana mhasibu hasahau tarehe. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamuuliza na yeye, je, ni kweli kuna binti wa kijijini kwao aliyekuwa anatajwatajwa? Akasema ni kweli anatajwa, na kwamba yeye alishajibu hapana mara mbili, na hakuniambia kwa sababu hakutaka nijue kuwa swali limeulizwa. Tuliongea mpaka majogoo. Nakumbuka kidole chake kilibaki ndani ya kile kitabu muda mrefu sana, kama mtu aliyeshika mlango usijifunge.

Nimeliwaza sana jambo hili tangu siku ile. Kwa nini pale, na si kwenye zile filamu hamsini zenye kisa kilekile? Nina majibu mawili, uyapime mwenyewe.

La kwanza, filamu haikusubiri. Utasema unaweza kuisimamisha, kuna kitufe. Ni kweli, lakini ni nani kati yenu anayekibonyeza mama mkwe akiwa katikati ya kufoka? Ukisimamisha luninga umeshatangaza kwamba kuna jambo. Anayesoma anasimama kila mara bila kutangaza chochote: anameza mate, anageuza ukurasa, anarudia mstari alioukosea. Katika vile visimamo vidogo ndipo mtu anapata pa kuingilia. Mwalimu alipata pa kuingilia.

La pili ni sura. Kwenye filamu mwanamke asiyezaa ana sura yake: ni yule dada msanii, na nywele zake, na kope zake za kubandika, na wiki iliyopita alikuwa changudoa kwenye filamu nyingine. Namhurumia, kisha namsahau. Bugonoka hakuwa na sura. Kitabu chetu hata jalada hakikuwa nalo! Ilibidi nimpe sura, na mimi nilikuwa na moja tu ya kumpa. Mwalimu naye kumbe alikuwa amempa hiyohiyo. Aliniambia mwenyewe: "Nilikuwa nasoma Bugonoka, naona wewe umekaa pale kwa mama, umeshika sahani."

Tulipoendelea, kesho yake usiku, tukaona Myombekere anafanya nini. Haoi mwingine. Anafunga safari mwenyewe kwenda kwa wakwe zake kumwomba mke wake arudi, na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi kama faini. Hapo ndipo nilipoelewa zile kurasa ndefu za upishi wa pombe, maana mwanaume anahangaikia kila tone la ile pombe ili arudishiwe mke. Mwalimu akanyamaza, halafu akasema, "Huyu jamaa alikwenda mwenyewe, bwana." Sikusema kitu. Nilimpa kurasa zangu tano azisome na zenyewe.

Kitu kingine nilikisoma baadaye kuhusu mwandishi, kikanikaa kooni. Kitereza na mkewe Anna walizeeka bila mtoto. Mtu aliyetuletea Ntulanalwo na Bulihwali duniani, yeye mwenyewe nyumbani kwake hapakuwa na wa kumwita baba.

Sasa usije ukasema nakuuzia kitabu kama wale wauza chupa. Kitabu hakijanipa mimba. Kilichotupa ni ulimi, na ulimi ukatupeleka hospitali wote wawili, tumekaa benchi moja. Mpaka hapo nilikuwa nimeshapima peke yangu mara mbili, kimya kimya, kama mwizi. Huko nako tulikuta kazi ya kusoma, safari hii vipeperushi na maelezo ya daktari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la uzazi wakati fulani wa maisha yake. Mmoja kati ya sita! Katika kikao chochote cha ukweni tuko kadhaa. Na madaktari wanaeleza kwamba karibu nusu ya wanandoa wenye tatizo hili, upande wa mwanaume nao una mchango, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Hizo klipu za chupa, msomaji, hebu zihesabu: ngapi zinamwonyesha mwanaume? Mwalimu alilisoma hilo mara mbili, akakunja karatasi akaitia mfukoni, akaenda kupima bila kusukumwa.

Majibu ni ya kwetu na daktari. Matibabu yanaendelea. Kwenye kundi la familia Mwalimu aliandika maneno matatu tu, "Tupo hospitali, asanteni," na klipu za wifi zikakata ghafla kama umeme.

Kuna watakaoniuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na hadithi. Vile vitabu vya siri kumi za ndoa yenye furaha viache kwanza, kwa sababu ukimsomea mumeo siri ya nne atajua unamsema. Hadithi haimsemi mtu, inamsema Myombekere. Kama kitabu kinene kinakutisha chukua Musiba au Mtobwa, mpelelezi na risasi, mradi kuna mtu anasoma na mwingine anasikiliza na wote mnataka kujua nani kaua. Hapa Bariadi steshenari zimejaa vitabu vya shule na vya dini. Riwaya itabidi uagize Mwanza au Dar, au ukawagongee walimu wastaafu, maana wao ndio wenye hazina na wengine hawana wa kuwaachia. Wala usipige picha ya jalada ukarushe kwenye statasi kabla hujafika ukurasa wa kumi. Tunaonana huko, tunajuana!

Na luninga? Ipo palepale ukutani. Mechi za Simba na Yanga tunatazama kama kawaida, na mimi tamthilia yangu ya Kituruki siiachi hata kwa dawa.

Mama mkwe alikuja Juni mwaka jana, pamba ikiwa imepamba moto, akakaa kwetu wiki mbili. Sikulala vizuri usiku wa kuamkia siku ile, kwa sababu kwenye zile tarehe nilizomtajia Mwalimu, mbili zilikuwa za kwake. Nilitoka kazini jioni nikamkuta barazani na kile kitabu mapajani.

"Mama, nikusomee?"

"Kwani mimi sina macho?"

Nilikuwa sijui kama anasoma. Akanieleza, huku akichagua mawe kwenye choroko. Alijifunza akiwa msichana, kwenye kisomo. Huku Kanda ya Ziwa kisomo kilianza mapema: kati ya 1968 na 1972 palikuwa na mradi wa serikali na UNESCO, makao yake Mwanza, na mikoa yetu ilikuwamo. Watu wazima walifundishwa kusoma kwa vitabu vya shughuli zao, pamba kwa wakulima wa pamba, samaki kwa wavuvi, ng'ombe kwa wafugaji. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo kikaenea nchi nzima. Wakati wa sensa ya 1967 watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawakujua kusoma. Ilipofika 1986 serikali ilihesabu waliobaki ni kama mmoja kati ya kumi. Mama mkwe alikuwa mmoja wa waliovuka mto huo, chini ya mwembe, jioni baada ya jembe. Televisheni Tanzania Bara ilikuja 1994, yeye akiwa na miaka ishirini ya kusoma. Anasema neno la kwanza alilolisoma ni "pamba", na mnunuzi wa kwanza aliyejaribu kumpunja kilo alikutana na mwanamke anayeisoma stakabadhi yake mwenyewe.

"Tangu hapo sijapunjwa," akasema, akarudi kwenye kitabu.

Alisoma kwa kidole, midomo ikitembea, mstari baada ya mstari. Siku ya kwanza kurasa tatu. Siku ya pili akaniomba nimtafutie miwani. Siku ya nne nilikuwa nafua uani, yeye yuko kivulini, nikasikia kimya kirefu kuliko kawaida. Nikageuka. Alikuwa amefika pale baba anapomchukua Bugonoka. Alikitazama kitabu, akanitazama, akakitazama tena.

"Mzee wake kafanya vizuri kumchukua," akasema. "Mtoto wa mtu hasemwi hivyo."

Mikono yangu ilikuwa ndani ya beseni. Nikataka kumwambia jambo, lakini nilichopata kusema ni, "Mama, subiri uone mumewe atafanya nini, anakwenda..."

"Nyamaza bwana," akanikata, akilowesha kidole kugeuza ukurasa. "Sijafika huko."